Kahawa ya Nanyala kwa Kijapani

Jumapili, 12 Juni 2011. Nanyala

Baba amenipa kazi mbele za watu ili nisiweze kukataa. Ndiyo tabia yake. Tumetoka ibadani, wanakikundi wamekaa uwanjani kwetu na vikombe vya chai, akasimama akasema, huyu Ketrina wangu amesomea kompyuta Mbeya, tovuti ataitengeneza yeye. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimebeba birika, nikabaki nimelishika tu.

Mambo yenyewe ni haya. Baba ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa wa hapa Nanyala tangu kianzishwe. Mwaka huu amewashawishi wasimuuzie kahawa mbivu Twaibu, mfanyabiashara wa Tunduma anayekuja na gari lake na mzani wake. Wamenye wenyewe, waanike, wahifadhi ghalani. Kuna kampuni ndogo ya kukaanga kahawa huko Japani inataka kununua moja kwa moja kwao. Sharti lake ni moja: wateja wake waweze kusoma kwenye tovuti kila mkulima ni nani na anasemaje kuhusu shamba lake, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijapani. Agosti ikiisha tovuti haijakamilika, hawachukui kahawa, na wakulima watarudi kwa Twaibu wakiwa wapole.

Nikamuuliza baba, Kijapani Mbozi nzima anakijua nani? Akasema Mwalimu Kaori. Huyo ni dada wa Kijapani anayefundisha sayansi Vwawa kwa kujitolea. Anarudi kwao Julai, atatafsiri kabla hajaondoka. Alijibu kama vile nimeuliza chumvi iko wapi.

Jumatano, 15 Juni. Tunduma

Nimemwambia Bwana Uledi. Ni mwenye duka la intaneti na vifaa vya kuandikia ninapofanyia kazi, mtu wa Kigoma, hapa mpakani ana miaka mingi kuliko malori mengine. Alikuna ndevu, akasema nitumie mtandao wake bure jioni, wateja wakipungua. "Lakini picha za harusi za wateja, kuzichapa ni kazi yako," akasema. Nimekubali.

Jumatatu, 20 Juni

Mgao. Umeme hakuna tangu asubuhi, jenereta imegoma. Nimeuza kalamu.

Jumamosi, 25 Juni

Mwalimu Kaori amenitumia kwa barua pepe sentensi ya majaribio kwa Kijapani, nione kama itatoka. Imetoka takataka tupu: herufi za Kilatini zenye vikofia na nukta, zimerundikana kama mtu amekanyaga kibodi. Wazambia waliokuja kupiga fotokopi wakaangalia wakacheka. Mmoja akaisalimu kompyuta kwa lugha ya kwao, "mulishani", akangoja ijibu.

Nimehangaika siku nzima. Kumbe herufi zenyewe zilikuwa nzima. Ukurasa wangu ndio ulikuwa haujaambiwa zisomwe kwa kanuni gani. Nikautangazia ukurasa UTF-8, kanuni inayojua herufi za lugha zote, nikaiambia na hifadhidata hivyohivyo, maana nayo ilikuja na kanuni ya Wazungu ya zamani. Nikafungua upya. Ah! Kijapani kimekaa kwenye mstari, kimetulia. Nilimwita Bwana Uledi aje aone. Akaniuliza kinasema nini. Nikasema sijui, ila ndicho chenyewe.

Nimejifunza jambo. Maandishi yakionekana takataka, usiyafute. Mara nyingi yamo, yanasomwa vibaya tu.

Alhamisi, 7 Julai

Mwalimu Kaori anaagwa Vwawa leo. Baba amekwenda na kuku. Tafsiri yote anampa kwenye flash, kwa sababu mtandao wa shuleni umekufa wiki nzima.

Jumamosi, 9 Julai

Baba ameileta flash mwenyewe mpaka dukani, imefungwa kwenye leso, leso ndani ya bahasha. Nilimkaribisha chakula, akakataa, akasema anawahi gari. Nimeifungia kwenye droo ya Bwana Uledi kwa sababu ndiyo pekee yenye kufuli. Sitaifungua mpaka kurasa za Kiswahili na Kiingereza ziishe. Nikianza mambo matatu kwa pamoja naharibu yote, najijua.

Jumapili, 17 Julai. Nanyala

Baridi ya kukata masikio. Kahawa imejaa kwenye meza za kuanikia, nyumba nzima inanuka uchachu wa maganda. Nimepiga picha wakulima wanne waliobaki. Mama Fides, mweka hazina wa kikundi, alivua kilemba, akakivaa tena, akakivua, mwisho akasema piga hivyohivyo usinichoshe.

Gari la Twaibu lilikuwa limesimama barabarani kabisa, mzani unaning'inia. Hakumwita mtu. Alikaa tu kwenye kivuli cha gari lake anakula muwa. Kaka yangu Samwel anasema kuna watu wameanza kumpelekea kahawa kwa ndoo, kwa kujifichaficha, wana watoto wa shule na hawana cha kusubiria. Baba alisikia. Akaenda kugeuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuzwa.

Ijumaa, 22 Julai

Kiingereza kimekwisha. Mgongo si wangu tena.

Jumatano, 3 Agosti

Niandike yalivyotokea.

Asubuhi nilitoa flash kwenye droo, nikachomeka. Mafaili yamo yote, kila mkulima na lake. Nikafungua la Mama Fides: Kiswahili kipo, penye Kijapani alama za kuuliza. Mistari na mistari ya alama za kuuliza, hapa na pale nukta au namba. Nikajiambia tulia, hii unaijua, ni kanuni ya kusomea. Nikabadilisha. Alama za kuuliza. Nikajaribu kanuni zote za Kijapani zilizomo kwenye orodha, moja baada ya nyingine. Nikafungua la Samwel, la baba, la kila mtu. Vilevile.

Hii siyo ile ya Juni. Ile herufi zilikuwemo. Hapa mtu ameyafungua mafaili akayahifadhi upya kwa kanuni isiyojua Kijapani, na kompyuta isipoijua herufi inaweka alama ya kuuliza mahali pake na kuitupa ile ya kwanza. Hakuna kanuni itakayoirudisha. Imekwisha.

Nikampigia baba. Nikamwambia Kijapani chote kimefutika, mtu ameyagusa mafaili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama inaweza kupona. Nikasema haiponi. Akasema, "Haya, mama," akakata.

Nikakaa nikiitazama ile droo. Ufunguo anao Bwana Uledi, na mimi ninao. Na Twaibu anakuja dukani karibu kila siku, wanasali msikiti mmoja, kabla ya mfungo walikuwa wakinywa kahawa kibarazani pamoja, kahawa ya kwetu. Sikutaka kuwaza nilichokuwa nawaza, nikakiwaza.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimemuuliza. Hapana, sikumuuliza, nilimtuhumu. Nilimwambia flash ilikuwa kwenye droo yako na rafiki yako ndiye anayefaidika. Wateja walikuwepo. Bwana Uledi yuko kwenye mfungo, midomo imemkauka. Akasema, "Dada Ketrina, mimi hata kuifungua hiyo droo sijaifungua tangu ulipoweka kitu chako." Nikasema mafaili hayajiandiki yenyewe. Akaweka ufunguo wake juu ya meza, akatoka kwenda kusali.

Nimemwandikia Mwalimu Kaori. Hajajibu.

Ijumaa, 5 Agosti

Hajajibu.

Jumatatu, 8 Agosti. Nanyala

Sikukuu ya Nanenane, nikaja nyumbani. Ningebaki Tunduma.

Habari imeshafika kila nyumba. Samwel alikuwa amewasimulia kwamba kompyuta imehujumiwa. Wamekaa uwanjani, kila mtu anaongea. Wameshaamua: Twaibu amempa Uledi kitu kidogo, Uledi ameua tafsiri. Waliniuliza kama flash ilikuwa kwake. Nikasema ilikuwa kwake. Ni kweli ilikuwa kwake. Wakasema basi, hata punje moja haiendi kwa Twaibu, bora ioze. Hata wale waliokuwa wanapeleka ndoo wakaapa. Sijapata kuona kikundi hiki kimeshikamana namna hii.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kimya. Nilidhani ni uchungu. Nilimwonea huruma sana.

Alhamisi, 11 Agosti. Tunduma

Wakulima wawili wa kwetu wamekuja dukani wakamwita Bwana Uledi mwizi mbele ya watu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia waende salama. Wateja wawili wakachukua karatasi zao wakatoka. Mchana kutwa duka lilikuwa tupu.

Hajanifukuza. Ningekuwa yeye ningenifukuza.

Jumapili, 14 Agosti. Nanyala

Manyunyu! Agosti! Tumekimbia na maturubai, akina mama na vitenge vyao, tukafunika meza zote. Kahawa imenusurika. Mama Fides aliteleza akaanguka, akasema akiwa chini palepale kwamba huyo Mjapani asipoinunua, yeye atamfuata kwao kwa miguu. Tulicheka, lakini baba hakucheka. Anakonda.

Jumanne, 16 Agosti. Tunduma

Mwalimu Kaori amejibu! Alikuwa kijijini kwa mama yake anayeumwa, hakuna mtandao. Kompyuta yake aliiachia shule na imeshasafishwa, hana nakala. Ila anasema nimtumie Kiswahili, atatafsiri upya. Atamaliza katikati ya Septemba.

Amezungumza na ile kampuni. Watasubiri, kwa sharti kwamba mwenyekiti awaandikie kwamba kahawa yote bado iko ghalani na itabaki mpaka hapo. Kwa hiyo baba awaombe watu wangoje tena wakati shule zinafunguliwa. Lakini watangoja. Kwa hasira waliyo nayo kwa Twaibu, watangoja.

Nimelala mchana kwenye kiti kwa mara ya kwanza wiki mbili hizi.

Jumatano, 17 Agosti

Heri nisingeamka.

Nilikuwa natafuta Kiswahili kilekile alichokitafsiri Mwalimu Kaori, nimtumie. Kwenye ile flash, Kiswahili kiko pembeni ya kila tafsiri, kizima kabisa, maana herufi zetu kila kanuni inazijua. Nikayapanga mafaili kwa tarehe yalipoguswa mwisho. Yote, siku moja: Alhamisi, tarehe saba Julai, alasiri.

Mimi flash niliipokea Jumamosi tarehe tisa.

Nikadhani saa ya kompyuta fulani ilikuwa imekosewa. Nikamwandikia Mwalimu Kaori, umemaliza lini? Akajibu palepale: Jumatano usiku, na Alhamisi saa sita alimkabidhi baba mkononi, wakala kuku.

Bwana Uledi alikuwa anafuta vumbi kwenye skrini. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 19 Agosti. Nanyala

Nimemkuta baba peke yake kwenye meza za kuanikia. Nikamuuliza Alhamisi ile alipitia wapi. Hakujifanya hajaelewa, nitamshukuru kwa hilo.

Alisema pale shuleni alisikia walimu wanalalamika kwamba flash zao zina virusi. Akaogopa kuniletea ugonjwa kwenye kompyuta za watu. Akapita kwenye duka moja karibu na stendi ya Vwawa, pale wameandika tunasafisha flash. Tunajua wote, ndivyo tunavyofanya huku. Hata mimi sijawahi kuipeleka flash kwa mtu bila kuisafisha kwanza. Kijana wa dukani akafungua, kompyuta yake haina herufi za Kijapani, akaona viboksi vitupu. Akamwambia, mzee, hivi viboksi ndivyo virusi wenyewe, vimeshaanza kula. Akayahifadhi yote upya kama maandishi ya kawaida, bila kanuni ya Kijapani. Baba akashukuru. Akaifunga kwenye leso.

"Uliponipigia simu ndipo nikajua," alisema.

Nikamwambia, baba, watu wanamtukana Uledi. Nami nilimtukana, tena amefunga. Mbona ulikaa kimya?

Aligeuza kahawa kwa kiganja, polepole. Akasema, "Nikisema mimi ndiye, hasira yao kwa Twaibu inakwisha siku hiyohiyo. Hasira hiyo ndiyo kufuli ya ghala, Ketrina. Sina nyingine."

Na hilo ni kweli. Nimeliona mwenyewe tarehe nane. Uongo huu ndio uliowaunganisha. Tukiuondoa, gari la Twaibu litajaa kabla ya jua kuzama, barua kwa Mjapani itakuwa ya uongo, na mwaka mzima wa watu hawa utakuwa umepotea. Tukiuacha, mtu asiye na hatia anafunga duka. Nikalia kwa hasira. Nilimwambia sitaandika neno jingine kwenye tovuti hiyo mpaka Bwana Uledi awe amesafishwa. Akasema ningekuwa mkali hivi na Twaibu tungekuwa matajiri. Nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 20 Agosti. Tunduma

Nimemwomba Bwana Uledi radhi. Nilimwambia mafaili yaliharibika kabla hayajafika kwake, sikusema na nani. Alisema amenisamehe siku ileile, ila watu wa Nanyala yeye hawezi kuwafuata mmoja mmoja. Ufunguo wake bado ulikuwa mezani. Hakuuchukua.

Jumapili, 21 Agosti. Nanyala

Baba ameitisha mkutano baada ya ibada. Nilikaa nyuma na akina mama. Sikujua atasema nini, na nilivyomjua nilidhani ataomba wangoje, basi.

Alisimama akiwa ameshika kofia. Akawaeleza kwanza habari ya Mwalimu Kaori, kwamba atatafsiri upya, kwamba Mjapani atasubiri hadi katikati ya Septemba kama kahawa ipo. Watu wakaitikia vizuri. Mmoja akasema kwa sauti, tutamkomesha Twaibu na huyo Uledi wake. Wengine wakapiga makofi.

Ningependa kuandika kwamba baba aliniangalia. Hakuniangalia. Alisema:

"Uledi hakufanya kitu. Twaibu hakumpa kitu. Aliyeharibu ni mimi."

Akaeleza yote, duka, kijana, viboksi. Aliposema "nikamshukuru", mtu mmoja alicheka kidogo. Samwel aliinuka akatoka nje ya uwanja.

Baada ya hapo ikawa kelele. Wengine walikasirika kwa uharibifu, wengi zaidi kwa kukaa kimya kwake. Mzee mmoja wa kanisa letu alimwambia, tumemlaani mtu wiki mbili na wewe umekaa kwenye kigoda unatusikiliza. Baba akasema ndiyo. Kila alichoambiwa alisema ndiyo. Nilitamani ajitetee hata mara moja.

Wakamtoa uenyekiti. Hawakupiga hata kura, walikubaliana tu kwa kuongea, wakamweka Mama Fides. Yeye akasema hajaomba, lakini kwa kuwa amepewa, kwanza watu wawili waende Tunduma kesho wamwombe radhi Uledi, na pili, anayetaka kuondoa kahawa yake aiondoe leo mchana kweupe, asije na ndoo kwa kujificha. Yeye ya kwake inabaki.

Waliiondoa. Nimesimama mlangoni mwa ghala nikiwatazama wanavyotoa magunia. Gari la Twaibu lilikuja lenyewe, nani alimwita sijui. Mpaka jioni theluthi ya ghala ilikuwa imeondoka. Baba alisaidia kupakia.

Jumatatu, 22 Agosti. Tunduma

Walikuja, wale wale wawili waliomwita mwizi. Bwana Uledi aliwapa viti. Walipoondoka aliuchukua ufunguo wake mezani, akautia mfukoni.

Mama Fides ameniagiza nimwandikie Mjapani ukweli: theluthi imeondoka, iliyobaki haitoki. Barua imekwenda.

Alhamisi, 25 Agosti

Mjapani kimya.

Jumapili, 28 Agosti. Nanyala

Baba anafanya kazi ghalani kama kibarua. Anaokota kahawa mbovu, anafagia. Watu wanamsalimu, hawakai naye. Samwel hamsemeshi. Nilimpelekea uji, tukakaa. Nikamwambia kufuli yako imevunjika na ghala bado lina kahawa. Akasema, "Theluthi imekwenda, mama."

Ijumaa, 2 Septemba. Tunduma

Watachukua! Kahawa pungufu, watachukua. Nilipiga kelele mpaka madereva waliokuwa kwenye foleni nje wakachungulia. Nimempigia Mama Fides, nikasikia anapiga magoti maana simu iligonga chini.

Ijumaa, 16 Septemba

Mafaili ya Mwalimu Kaori yamefika, kwa barua pepe, na nimeyahifadhi mara tatu mahali patatu. Hakuna flash iliyoyagusa. Nimeyapandisha moja moja. Kila moja nilingoja mpaka lifunguke. Yote yametoka.

Nilimpigia baba aje aone, nikijua atakataa. Alikuja. Alikaa kwenye kiti cha mteja, Bwana Uledi mwenyewe akamletea chai. Sijui waliongea nini wakati nimetoka kununua maandazi. Nilirudi nikawakuta wanazungumzia bei ya mbolea.

Nikamfungulia ukurasa wake. Picha yake na kofia, Kiswahili, Kiingereza, kisha Kijapani. Akasogea karibu, akafuata mistari kwa kidole bila kugusa kioo. Maneno yake yale, kuhusu miche aliyoipanda mwaka nilipozaliwa. Akarudi juu kwenye Kiswahili akasoma jina lake na kilichofuata.

"Hapa mmeandika mwenyekiti," akasema. "Toa. Andika mkulima."

Nikasema wateja wa Japani hawajui mambo ya Nanyala, hakuna atakayeuliza. Akasema yeye anajua.

Kiswahili nikabadilisha akitazama. Kiingereza nacho. Kwenye Kijapani nikakwama, kwa sababu mistari yote naiona sawa na sijui neno lipi ndilo. Angeweza kuliacha. Akasema atangoja. Nikamwandikia Mwalimu Kaori, ikachukua muda, maana kule kwao ni usiku, baba akanywa chai ya pili na ya tatu. Likaja jibu: futa herufi hizi tatu baada ya jina lake, weka hizi mbili. Nikazipaka rangi zile tatu kwenye skrini ili azione. Akauliza, ni hizi tu? Nikasema ni hizi tu.

Akaniomba abonyeze yeye. Nikamwonyesha kitufe cha kufutia, akakibonyeza mara tatu.